Siku moja korongoni: natafuta maporomoko, nauliza majina

Nikisema naongoza wageni, watu wa Moshi mjini hudhani napandisha Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro. Nilipandisha kweli, miaka saba, kwanza nikiwa mgumu, yaani mbeba mizigo, baadaye msaidizi wa kiongozi. Siku hizi kazi yangu iko chini zaidi, kwenye makorongo ya upande wa kusini, ambako hakuna njia, kibao wala kibanda cha tiketi. Nawashusha watu kwa kamba hadi kwenye maporomoko ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Ndugu zangu bado wananiuliza kama hiyo nayo ni kazi. Basi nawasimulia Jumanne iliyopita, ilivyokuwa.

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya uji, nampigia simu rafiki anayekaa kijiji cha juu kabisa, karibu na msitu. Swali langu ni moja: usiku kumenyesha? Mvua nyingi ya mlima huu huangukia msitu wa kusini, na mto unaweza kujaa korongoni wakati Moshi jua linachoma. Akisema kumenyesha, siku imeahirishwa hata kama mgeni ameshalipa. Akajibu, "Manyunyu tu." Nikanywa uji, nikakagua kamba kwa vidole, mita moja baada ya nyingine. Ni kamba mbili za mita 60. Kamba ikilika sehemu moja tu, yote nzima haifai.

Saa kumi na mbili na nusu tulimpokea mgeni, saa mbili kasoro tukashuka kwenye Noah upande wa Kibosho. Tulikuwa watatu: mgeni, kijana ninayemfundisha kazi, na mimi.

Saa mbili. Hatuingii korongoni kabla ya kubisha hodi. Ukingo wote wa mto Weruweru ni vihamba vya watu, migomba na kahawa mpaka pale ardhi inapokatika. Nilimwamkia mzee mwenye kihamba, nikamweleza tunakoenda na saa tunayotarajia kupanda. Hiyo saa ni muhimu, kwa sababu tusipoonekana, yeye ndiye atakayeanza kuuliza. Aliturudishia baraka zake na kutuonya kuhusu jiwe lililolegea. Pale ukingoni mgeni akataka kufunga kamba kwenye shina la sale, mmea ambao Wachagga tunaupanda mipakani. Nilimzuia haraka. Sale lile halibebi mtu, halafu ndilo mpaka wa mzee na jirani yake. Kwetu jani la sale ndilo unalolibeba ukienda kuomba msamaha. Huwezi kulining'inizia mkoba.

Kushuka kulichukua saa mbili, sina mengi ya kusema. Matope, majani ya kuwasha, mbega wakitupigia kelele juu ya vichwa. Kijana alifunga kamba zake vizuri na sikuhitaji kurudia hata fundo moja.

Saa nne na robo tulisimama chini ya maporomoko. Mgeni alikuwa ameyaona kwenye picha ya setilaiti, mstari mweupe mdogo katikati ya kijani, na alisafiri kutoka Ulaya kwa ajili ya mstari ule. Machozi yalimtoka. Namheshimu kwa hilo. Maji yanaanguka kwenye mwamba mweusi wa volkano, yanagawanyika mara mbili, halafu yanaungana tena kabla ya kugonga bwawa.

Tukapima. Nilipanda hadi mdomoni pa maporomoko kwa kuzungukia pembeni, nikateremsha kamba yenye alama kila mita, jiwe limefungwa mwishoni, kijana akiwa chini ananipigia mluzi jiwe linapogusa maji. Mita 31. Simu ya mgeni ikasema 38. Nilimweleza kwamba kuta za korongo zinaziba setilaiti, simu inabahatisha. Hakufurahi, maana 38 inapendeza zaidi. Tukarudia kupima, kwa kuwa amelipa na ana haki ya kuona kwa macho yake. Mita 31.

Ndipo akatoa kikaratasi kwenye mfuko usioingia maji. Kilikuwa na jina la binti yake. Alitaka tupige picha tukiwa tumekishika, kisha usiku aliweke jina lile kwenye ramani ya intaneti. "Kwenye ramani hayana jina," akasema, "kwa hiyo sisi ndio wa kwanza."

Hapa ndipo siku yangu ilipokwama. Nilimwambia ramani inaonyesha alichokiona mchoraji, na mchoraji hakushuka huku. Akasema nimwonyeshe basi maandishi ya jina. Nikamweleza kuhusu kilele chenyewe cha Kibo. Hans Meyer alipofika mwaka 1889 alikipa jina la Kaizari Wilhelm wa Ujerumani, na jina hilo lilikaa vitabuni miaka mingi hadi kilipoitwa Uhuru. Akajibu kwamba yeye si Kaizari, ni baba tu anayempenda mtoto wake. Hilo lilinigusa, nami nina binti. Lakini tulizunguka palepale kwa karibu saa nzima, tumelowa, baridi inaingia mifupani, kijana anatutazama bila kujua aangalie wapi. Kila nilipodhani tumeelewana alirudi kwenye neno lilelile, "wa kwanza, wa kwanza."

Wakati bado tunabishana, mama mmoja akatokea nyuma ya mwamba na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ana kandambili miguuni na mundu mkononi. Sisi tulikuwa na kofia ngumu na mikanda ya chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmepotea?"

Ng'ombe wa Uchaggani wanafugwa bandani, na majani yao hukatwa mbali, mara nyingi humu makorongoni. Mahali tulipopaita hapana njia, yeye hupita kila wiki. Nikamwuliza panaitwaje. Akataja jina bila kufikiri, la Kikibosho, ambalo maana yake ni penye mdomo wa mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashamba. Akanyoosha mundu juu. Kweli, hatua chache kutoka pale niliposimama kupima, kulikuwa na mawe yaliyopangwa na mfereji wa zamani, umefukiwa na majani. Ukoo fulani ulichimba mfongo ule ili maji yafike vihambani. Mimi nilikuwa nimeurukia bila kuuona. Hilo liliniuma kuliko ubishi wote.

Halafu mama akaongeza, "Lakini wale wa ng'ambo wanapaita vingine." Ng'ambo ni Machame. Korongo hili lina kina kiasi kwamba lugha yenyewe inabadilika ukilivuka.

Mgeni alikaa kimya. Kikaratasi akakirudisha mfukoni.

Mchana ulienda hivyo. Alitaka tupande hadi maporomoko mengine aliyoyaona kwenye picha, nikakataa: kule juu ni msitu uliounganishwa na Hifadhi ya Kilimanjaro tangu 2005, na sikuwa na kibali. Akaanza kusihi. Nikiwa namjibu nikaona majani makavu yanaelea bwawani, mengi kwa mara moja, na ukingo wa maji umeanza kuwa na rangi ya chai. Sikumaliza sentensi. Nilisema tunapanda sasa hivi.

Kupanda kule sijui kulichukua muda gani. Kamba iliyolowa ina uzito wa mtu mvivu, mgeni alikuwa ameishiwa nguvu za miguu, na kila hatua mbili tulisimama. Kijana alitangulia, mimi nikawa nyuma nikisukuma. Mama wa majani alishatupita zamani. Tulipofika juu, mto chini ulikuwa unanguruma kwa sauti nyingine kabisa. Mzee alikuwa amesimama ukingoni anatusubiri, na mkewe akatuletea mtori wa moto.

Nilimwuliza mzee kuhusu jina la ng'ambo. Mama yake alizaliwa Machame, kwa hiyo alilijua. Maana yake ni kwa mbega.

Giza lilishaingia nilipofika nyumbani. Nikatandaza kamba chini ya paa zikauke, nikafungua daftari: mita 31, majina mawili, nani kaniambia, wa upande gani. Saa tatu usiku ujumbe wa mgeni ukaingia, ananiuliza aandike lipi kati ya yale mawili. Nikamjibu yote mawili, nikamwandikia herufi moja moja asikosee. Akauliza tena kuhusu kale kaporomoko kadogo ka mita nane tulikokapita wakati wa kushuka.

Hako sijui. Alhamisi nitarudi kumwuliza mama wa majani.