Asubuhi ya Lander: kumchagulia mgeni mahali pa kuingia Potomac

Agosti ile shemeji yangu alikuja Maryland, Marekani, kutoka Tanga. Mshipi na ndoano amevizoea tangu utotoni, ila mto unaokwenda kasi juu ya mawe hakuwahi kuuingia kwa miguu. Alitaka kujaribu nzi bandia, yaani ndoano iliyovishwa manyoya ifanane na chakula cha samaki, kwa besi wa mdomo mdogo, samaki wa rangi ya shaba anayependa miamba na maji yanayotembea. Mto Potomac unao wengi, ingawa asili yao si hapo: mwaka 1854 waliletwa kutoka upande wa Mto Ohio ndani ya tangi la maji la treni ya Baltimore & Ohio, wakaachiliwa mjini Cumberland.

Kutafuta mahali kulianza jana yake, mezani. Kwenye picha za setilaiti za kiangazi, weupe ni maji yanayogonga mawe, kahawia ni maji mafupi yanayoonyesha sakafu, kijani cheusi ni kilindi. Nilitaka weupe unaoishia kwenye kahawia pana, kwa sababu anayeteleza hupelekwa huko huko. Kisha nikatazama vipimo vya USGS, shirika la serikali ya Marekani linalopima mito, kwenye kituo chake cha Point of Rocks. Mstari wa kimo cha maji ulikuwa ukishuka polepole kwa siku kadhaa. Ungekuwa unapanda, hata kidogo, tungeahirisha: mvua ya milimani hufika huku chini wakati mbingu imeshatakata.

Alfajiri tuliegesha Lander, kando ya mto, penye mteremko wa kushushia boti, tukafuata kwa miguu njia ya kando ya mfereji wa zamani wa boti wa C&O. Ukingo wa mwamba uliokatiza mto ulimvutia mara moja. Samaki walikuwa wakirukia wadudu chini yake.

"Shemeji, si ndiyo hapa?"

"Samaki wapo, shemeji, lakini wewe utatokea wapi?"

Chini ya ukingo wa namna ile maji huchimba shimo: hatua moja uko magotini, inayofuata uko kifuani. Nyufa nazo hunasa mguu, na mguu ukinaswa mkondo humlaza mtu kifudifudi. Ndiyo maana nilimkanya kwamba akianguka asijaribu kusimama kwenye maji ya kasi. Alale chali, miguu itangulie, mpaka afike penye maji mafupi. Mahali pa anayeanza, kwangu mimi, huchaguliwa kwa njia ya kutokea kwanza, samaki baadaye.

Mbele kidogo tulipata changarawe iliyotandaa, yenye mawe makubwa machache. Nikatupa kijiti majini, nikakifuata ukingoni: mita tano kwa sekunde kumi, yaani nusu mita kwa sekunde. Kina kilikuwa nusu mita, goti la shemeji. Ukizidisha kina kwa kasi unapata 0.25. Wapima mito wa Marekani huacha kuingia pale zao hilo, kina kwa kasi, linapokaribia 0.9; kwa mgeni mimi sivuki 0.4.

Tulivaa kaptura tu, maji yalikuwa ya uvuguvugu, na maboya ya kifuani. Viatu vilikuwa vya soli ya mpira yenye meno ya chuma, maana soli za felti, yaani kitambaa kizito kilichoshindiliwa, Maryland imezipiga marufuku tangu 2011, zisihamishe mwani kutoka mto hadi mto. Bakora aliishika upande maji yanakotoka, akasimama ubavu kwa mkondo, akawa anaburuza mguu mmoja hadi ushike ndipo auvute wa pili. Wengi huinua miguu kama wako barabarani. Huko ndiko kuanguka.

Fimbo ya kuvulia ilikuwa namba 6 (uzito wa mshipi unaoifaa), ya futi 9, mshipi unaoelea, na mwishoni Clouser Minnow, nzi mwenye macho ya madini ya risasi ambaye Bob Clouser alimbuni Pennsylvania mwaka 1987. Macho hayo huzamisha ndoano haraka, na pia humpiga mtupaji kisogoni mrusho ukiwa mfupi wa kasi. Kofia na miwani ni lazima. Mrusho wa mita kumi ulitosha. Alirusha kwa mshazari kuelekea maji yanakotoka, nyuma ya jiwe, pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, akaacha ndoano izame, kisha akavuta mshipi sentimita ishirini ishirini. Besi wa kwanza alishika wakati wa kutulia, katikati ya mivuto, kama wanavyofanya mara nyingi. Tulimfungua ndoano akiwa ndani ya maji.

Kufikia saa nne jua lilikuwa kali na samaki wakashuka kwenye kijani cheusi. Shemeji akaanza kuwafuata, hatua kwa hatua, maji yakapanda mapajani. Nikampigia mluzi arudi. Kurudi alikatiza kwa mshazari kuelekea chini na ukingoni, mkondo ukimsaidia badala ya kumpinga, tukakunja mshipi hapo.