Barua ya Kukataliwa

Mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza kulipa Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, bibi yangu mzaa mama alikuwa barazani kwake, Kusini Unguja, akisokota kamba za makumbi. Habari ile aliipokea kwa swali moja tu: fedha hizo ni za waliokuwa waajiriwa, au ni za wote? Nilipomweleza kuwa ni za wote, awe mkulima, mvuvi au mama aliyelima mwani maisha yake yote bila kuandikwa popote kuwa mfanyakazi, aliiweka kamba chini akasema, "Basi na mimi nimo."

Hakuwemo. Kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kilionyesha kuwa amezaliwa tarehe 1 Januari 1949, tarehe ambayo kwa wazee wengi wa kijijini kwetu maana yake ni kuwa karani alikisia. Yeye mwenyewe aliikumbuka vizuri siku ile ya kuandikishwa: karani alimuuliza mwaka, naye akajibu kuwa hana mwaka ila ana matukio, na kijana wa watu, mwenye foleni ndefu mbele yake, akamtazama usoni kisha akaandika. "Aliona haya kunizeesha," bibi alikuwa akisema, na alilisema hilo kwa fahari kidogo mpaka haya hiyo ilipomgharimu.

Kwa hesabu ya kadi ile, bibi alipaswa kusubiri hadi 2019. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa ameshavunja ungo siku watu walipokwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza, yaani Julai 1957, na katika vurugu za uchaguzi za Juni 1961 alikuwa akinyonyesha. Aliyekuwa akinyonyeshwa ni mjomba wangu mkubwa, ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema 1960. Ukizilinganisha karatasi hizo mbili za serikali moja, unapata kuwa bibi alijifungua akiwa na miaka kumi na moja.

Nilikuwa nimemaliza masomo na sijapata kazi, kwa hiyo kazi ya kufuatilia ikaniangukia mimi. Sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, ambaye alimjua bibi tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, alimwandika bila kusita, lakini orodha iliporudi jina halikuwemo. Tukaelekezwa wilayani, na wilayani wakatuelekeza mjini.

Ofisi ya mjini ilikuwa na dirisha la kioo lenye tundu la nusu duara chini yake, kiasi kwamba mwenye kuuliza ilimlazimu ainame ili sauti yake ipite. Bibi hakuwahi kuinama. Alikaa kwenye benchi na mkoba wake wa ukili mapajani, ndani yake bahasha ya kaki aliyoizungushia kitambaa, nami niliinama kwa niaba yake. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, alimsalimia bibi kwa shikamoo kila tulipofika, akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Suala lenu linashughulikiwa. Njooni wiki ya pili." Tulirudi wiki ya pili, na ya nne, na ya saba. Nauli ya watu wawili kutoka shamba na kurudi ilikuwa shilingi elfu nane, kwa hiyo katika safari ya tatu tulikuwa tumeshakula zaidi ya pensheni ya mwezi mmoja ambayo bado hatujaipata.

Nilipouliza kama ombi limekataliwa, aliniangalia kama niliyemtusi. "Nani kakwambia mmekataliwa? Hakuna aliyekataliwa hapa."

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama bila kujua. Jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alinisikiliza jioni moja barazani, nikimweleza kuwa sasa tunataka kukata rufaa, akacheka hadi kofia ikamwendea kisogoni. "Rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi," alisema. "Uamuzi wenu uko wapi? Mtu anayekwambia njoo kesho hajaamua kitu. Mtafute kwanza akukatae, tena kwa maandishi."

Nakiri kuwa sentensi ile ilinifundisha zaidi kuhusu ofisi kuliko miaka yangu yote chuoni. Ukikataliwa unajua la kufanya: kuna karatasi, ina tarehe, ina sababu unayoweza kuijibu. Lakini "linashughulikiwa" halina pa kushikwa. Unaweza kuzeeka nalo, na kwa mtu wa umri wa bibi, unaweza kufa nalo, faili likiwa safi kabisa, bila doa la dhuluma yoyote ndani yake.

Basi kuanzia Julai tukaanza kutafuta kukataliwa. Yule mzee aliniandalia barua fupi, ya heshima, iliyoomba jambo moja: tupewe jibu la maandishi kuhusu ombi la tarehe fulani, na kama halikukubaliwa, tuelezwe sababu. Akanionya nipeleke nakala mbili na nisiondoke mpaka nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Kijana wa dirishani aliipokea barua vizuri, lakini mhuri, alisema, uko kwa mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni. Nilimgeukia bibi nikamweleza. Akauliza kikao kinakwisha saa ngapi. Hakuna aliyejua. "Mimi sina haraka, mume wangu," aliniambia kwa lile jina la utani ambalo bibi humwita mjukuu wake wa kiume, kisha akatoa mkobani boribo lililofungwa kwenye kanga kuukuu, akaanza kulimenya taratibu, akitandaza maganda juu ya pindo. Harufu ya embe ikaenea ofisi nzima. Saa saba na robo mhuri ulionekana.

Ilituchukua safari nne nyingine. Mwezi wa Novemba tulikabidhiwa karatasi moja yenye mistari minne, ikieleza kuwa ombi halikuweza kukubaliwa kwa sababu, kwa mujibu wa kitambulisho, mwombaji hajatimiza miaka 70. Niliisomea chini ya mkungu nje ya ofisi. Bibi alinitaka niirudie, kisha niirudie tena, na mara ya tatu akaichukua mwenyewe, ingawa hakujua kusoma zaidi ya Kurani, akaikunja na kuiweka pamoja na cheti cha mjomba. Sijapata kumwona mtu akiifurahia barua ya kukataliwa namna ile. Tulinunua hata urojo siku hiyo, kwa fedha ambazo hatukuwa nazo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, kwa kadiri mambo hayo yanavyokwenda. Ofisi ya vitambulisho, ambayo mara ya kwanza ilituuliza kwa nini mtu abadilishe mwaka wake akiwa mzee, safari hii iliona sababu imeandikwa na ofisi nyingine ya serikali. Tuliambatisha cheti cha mjomba na viapo vya wazee wawili, mmoja wao binamu yake bibi ambaye alisisitiza kiapo chake kitaje kuwa yeye ndiye mkubwa kwa bibi, jambo lililokuwa na ubishi baina yao tangu zamani. Mwaka ukasahihishwa kuwa 1943. Nikaandika rufaa, ukurasa mmoja, nikiambatisha kadi mpya, na mwezi wa Machi 2017 jina lake likaingia.

Malipo yalifanyika skuli, katika darasa la pili, wazee wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda. Bibi alivaa buibui lake la sikukuu. Alipoitwa, afisa alilinganisha sura na picha, akamhesabia noti mbili za elfu kumi. Bibi alizifunga kwenye pindo la kanga, lakini hakuondoka mezani.

"Na zile za tangu mwaka jana?"

Afisa alimweleza kwa upole kuwa malipo huanza pale mtu anaposajiliwa, hayarudi nyuma.

"Nilikuwa na miaka sabini na tatu mwaka jana," bibi alisema. "Mwaka huu nina sabini na nne. Miaka mmeikubali."

Afisa alitabasamu, akatazama foleni, akasema kuwa hilo ni suala la ngazi za juu, na kwamba atalifikisha, lishughulikiwe. Bibi alinigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni, akaupapasa mkoba wake wa ukili kuhakikisha bahasha bado imo.

"Mwambie aandike," akasema.