Pea ya Robin

Barafu naijua kwa bega. Mwaka wa kumi na mbili huu nauza barafu ya samaki Malindi, hapa Unguja, alfajiri, wavuvi wanaporudi. Pande zima huchukuliwa na watu wawili, kila mmoja na kipande cha gunia mkononi, maana ukilishika tupu linateleza na linaunguza. Mmoja anasema "haya", wa pili anajibu "haya", ndipo linanyanyuka. Ukiwahi kabla ya mwenzio, limeshakwenda chini, na kidole chako cha mguu kipo papo hapo. Mimi kimoja hakina ukucha hadi leo.

Basi nikiwaambia watu pale kwamba mchezo ninaoupenda kupita hata mpira ni ule wa kuteleza kwenye barafu, mwanamume na mwanamke kwa pea, wananicheka. Wa kulaumiwa ni ami yangu.

Ami alikuwa fundi umeme. Ufundi alikwenda kuusomea Ujerumani Mashariki, enzi zile wao na sisi tulikuwa kitu kimoja. Akarudi na koti zito asilolivaa hata siku moja, akaishi katika fleti za Kikwajuni, zilizojengwa na hao hao Wajerumani baada ya Mapinduzi. Februari 2010, Olimpiki iko Vancouver, akanipigia simu: "Njoo umuone mtoto wetu."

Nikakuta kwenye televisheni mwanamume mweusi, mrefu, kavaa viatu vya chuma, kamnyanyua msichana mdogo juu ya kichwa. Robin Szolkowy. Kazaliwa Greifswald mwaka 1979, mama Mjerumani, baba Mtanzania. Mama yangu, aliyekuwa jikoni akikuna nazi, akauliza: "Mtanzania wa wapi? Wa bara au wa huku?"

"Wa barafu, shemeji," ami akamjibu.

Usiku ule walipata shaba. Lakini mimi kilichonishika ni kitu alichoniambia ami wakati wa kunyanyua: "Watu wote wanatazama juu. Wewe tazama chini." Nikatazama chini. Yule msichana yuko hewani kanyoosha mikono, uwanja mzima unapiga makofi, na huku chini Robin anazunguka akiwa kasimama juu ya vyuma viwili, kila kimoja unene wake milimita 4 hivi. Hana pa kushika. Uso wake mtulivu kama wa mtu anayesubiri daladala.

Tangu hapo nikawa nasoma kila kitu chake, na sehemu ninayoirudia ni ya mwanzo, kabla ya medali. Mwaka 2001 alikuwa bingwa wa Ujerumani, na msichana mwengine. Pea ile ikavunjika. Kijana ana mwili, ana ufundi, uwanja upo hapo Chemnitz, Ujerumani, na hana wa kucheza naye. Mchezaji wa pea asiye na mwenzake ni ndara ya mguu mmoja: nzima kabisa, na haina kazi. Ukraine nako kulikuwa na Aljona Savchenko, ndiye yule msichana wa hewani, bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000, aliyekwenda Olimpiki ya 2002 akawa wa 15, kisha na yeye akabaki bila mwenzake. Mwaka 2003, akiwa na miaka 19, alihamia Chemnitz wakaanza pamoja. Uraia wa Ujerumani aliupata mwisho wa 2005, Olimpiki ya Torino imeshafika mlangoni. Wakawa wa sita.

Mimi mwenzangu wa barafu alipoondoka kwenda Muscat nilibadilisha watu watatu kwa miezi miwili. Wote wana nguvu kunishinda. Hakuna hata mmoja aliyejua kusema "haya" kwa wakati. Ukucha ulikwenda na wa pili.

Ubingwa wa dunia Robin na Aljona waliuchukua mara tano: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Ule wa 2012 waliwapita Warusi kwa pointi 0.11. Dhahabu ya Olimpiki ndiyo iliyowakataa. Sochi 2014, mwisho kabisa wa mchezo wao, walijaribu ule mrusho mkubwa, mwanamume anamrusha mwenzake azunguke hewani mara tatu na nusu, atue kwa mguu mmoja. Aljona akaanguka. Shaba tena. Nikasema wangerusha mwepesi tu wakatulia. Ami akanigombeza, ati mtu haendi Olimpiki mara ya mwisho kurusha mwepesi. Hatukusemezana mpaka kesho yake. Machi wakabeba dunia mara ya tano, na Robin akastaafu.

Asubuhi ya 15 Februari 2018 nilikuwa Malindi natazama Olimpiki, simu imeegemezwa kwenye ndoo, mikono imerowa. Aljona, miaka 34, sasa na Bruno Massot kutoka Ufaransa. Siku ya kwanza walikuwa wa nne. Siku ile wakapata 159.31, rekodi ya dunia, na dhahabu juu. Mteja wa barafu ya changu alisubiri mpaka akakasirika.

Nikapita Kikwajuni na ngisi wawili. Ami alikuwa barazani na kahawa yake.

"Aljona kapata dhahabu."

"Alhamdulillahi. Na Robin?"

"Robin kocha sasa. Anawafundisha Warusi, Tarasova na Morozov. Walikuwa wa pili, wameshuka wa nne."

"Kwa hiyo Aljona kawapita."

"Kawapita."

Akanywa kahawa mpaka kikombe kikaisha.

"Mimi bado niko na Robin," akasema, kisha akafungua mfuko kuwatazama ngisi.