Asubuhi Git ilipoikataa folda yetu

Jumatano, 13 Aprili 2022, simu iliita kabla ya saa mbili asubuhi. Alikuwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo tunachokihudumia. "Kaka, risiti za leo hazina namba ya toleo pale chini. Mkaguzi atazirudisha hizi."

Hakuna aliyegusa msimbo usiku ule. Skripti yetu huiuliza Git, programu inayotunza historia ya msimbo, namba ya toleo kwa amri ya `git describe`, na ujumbe wote wa makosa yake nilikuwa nimeutupa kwenye /dev/null, shimo la mfumo linalomeza kila kinachotumwa humo. Nilipoiendesha kwa mkono, Git ikaniambia kwamba repo, yaani folda ya mradi inayotunzwa na Git, si salama kwa sababu folda inamilikiwa na mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni akaunti yetu wenyewe ya kujengea programu, ila cron, kiendesha-kazi cha ratiba, inaendesha skripti kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Kilichonichelewesha zaidi ni `git --version`: ilionyesha 2.25.1 ileile ya siku zote. Ubuntu, watengenezaji wa mfumo wa seva yetu, walikuwa wametia kiraka cha usalama ndani ya toleo la zamani, na seva ikajisasisha yenyewe tukiwa tumelala.

Kiraka chenyewe kilikuwa cha haki. Git hupanda folda hadi folda ikitafuta .git, folda ndogo ya kumbukumbu za repo, kisha hutii mipangilio inayoikuta humo, na baadhi ya mipangilio hiyo huendesha amri. Kwenye mashine ya watu wengi, mtu akitega .git kwenye folda ya juu, ukipita chini yake na Git ikaitwa, hata na kidokezo cha terminali kinachoonyesha jina la tawi, amri zake zinaendeshwa kwa jina lako. Kuanzia 2.35.2, Git inakataa repo isiyo yako mpaka uitaje kwenye `safe.directory`, orodha ya folda unazoziamini, tena kwenye mipangilio yako au ya mashine nzima. Ndani ya repo yenyewe haikubaliki, na ni sawa, la sivyo mtegaji angejiandikia ruhusa.

Mabadiliko ya `git push`, amri ya kusukuma msimbo kwenda kwenye seva, yalikuja kwa mwendo mwingine kabisa. Kabla ya Git 2.0 ya Mei 2014, tulisoma onyo kwa zaidi ya mwaka mzima kwamba chaguo-msingi litabadilika, na mistari ya kuandika ili kubaki na la zamani au kuhamia jipya. Najua shimo la usalama halingoji mwaka. Ninachodai ni mlango wa kutokea, na ule wa 2022 ulikuwa nusu. Ujumbe wa kosa ulitaja amri ya kuandika kwa folda moja, jambo zuri sana, lakini wenye makontena na mamia ya njia hawakuwa na la kufanya. Nyota (`*`) kwenye `safe.directory`, yaani "ziamini zote", ilikuja katika 2.35.3 wiki hiyohiyo. Nami nikaiweka, kwa haraka ya risiti. Nyota inazima ulinzi wote, na ikishawekwa haimkumbushi mtu kwamba ipo.

Hilo lilinikaa moyoni tulipotaka kuzuia `push --force`, kusukuma kwa nguvu kunakofuta historia iliyopo, kwenye seva yetu. Ningeweza kuwasha `receive.denyNonFastForwards`, mpangilio unaokataa misukumo hiyo, jioni moja na kwenda nyumbani. Badala yake niliandika hook ya kupokea, skripti ambayo Git huiendesha seva inapopokea msukumo, iliyoruhusu kila kitu kwa wiki 6, ikichapisha onyo kwa Kiswahili na kuandika kwenye faili tawi na saa. Wiki ya pili faili ikanionyesha kitu ambacho hakuna kati yetu watu 6 aliyekikumbuka: kazi ya saa nane usiku inayosukuma nakala ya ripoti kwa nguvu kila siku. Tungefunga bila kutazama, dada wa ripoti angeamka bila ripoti.

Sasa tawi hilo moja linaruhusiwa kwa jina lake, mengine yamefungwa, na ujumbe wa kukataa unataja namba yangu ya simu. Nyota nayo nimeifuta kwenye mashine ya kujengea. Pale zimebaki njia 3, kila moja na mstari wake, na /dev/null imeondoka kwenye skripti.