Nilivyoipata besi ya mkono wa kushoto baada ya kuacha kukesha

Mpiga kinanda wa kwaya yetu alihamishiwa Songea mwishoni mwa Januari. Kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeweza kupiga sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia, mwalimu wa kwaya alinikabidhi kinanda na kuniambia kwamba mkutano wa kwaya wa mwezi wa Agosti, kule Mbeya mjini, ulikuwa unanisubiri. Ninafundisha shule ya msingi hapa Tukuyu, nina miaka 44, na mkono wangu wa kushoto, ambao ndio hupiga besi, yaani noti za chini, ulikuwa haujawahi kufanya kazi yoyote ya vidole zaidi ya kushikilia sufuria wakati mkono wa kulia unakoroga.

Nilinunua kinanda kilichotumika kwa laki tatu na kitu, nikakiweka sebuleni. Masika ya Tukuyu yalipoanza, mvua ilipiga bati kiasi kwamba nilikuwa siwezi kuisikia besi yangu mwenyewe, na ilinilazimu kuvaa spika za masikioni. Noti nilikuwa nazijua tangu nilipokuwa naimba alto, kwa hiyo kusoma hakukunisumbua. Shida ilikuwa vidole.

Kiitikio cha wimbo wetu mkuu kiko katika ufunguo wa G, na besi yake inaanza kwa noti tano: do, sol, la, mi, fa. Kidole cha mwisho kinashika G, kidole gumba kinashika D, kisha kidole cha shahada kinaruka juu ya gumba na kukanyaga E, kidole cha mwisho kinashuka hadi B, na kidole cha pete kinamalizia kwenye C. Wapiga kinanda huandika 5-1-2-5-4. Ukijaribu juu ya meza kwa mkono wa kushoto utaona kwamba hatua mbili za kwanza ni nyepesi, lakini pale shahada inapotoka juu ya gumba ili kidole cha mwisho kishuke, mkono wote unataka kugeuka, na kidole cha pete, ambacho ni kizito kuliko vyote, kinachelewa.

Kila niliyemwomba ushauri aliniambia nipunguze usingizi. Mzee mmoja wa usharika mwingine, mpiga kinanda wa siku nyingi ambaye ninamheshimu sana, aliniambia, “Mwanangu, kinanda hakijui saa. Ukilala wewe, vidole navyo vinalala.” Niliyashika maneno hayo. Kuanzia mwezi wa tano nilikuwa nalala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili nipate saa moja na nusu ya mazoezi kabla ya kwenda shule. Juni na Julai huku kwetu ni baridi kali, na alfajiri hizo nilikuwa natumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kugusa kinanda. Niliamini kwamba taabu ile ndiyo iliyokuwa inanifundisha.

Usiku wa kuamkia mkutano nilikesha kabisa. Nilichemsha kahawa ya Mbozi, nyeusi, nikajaza chupa ya chai, nikakaa kwenye kinanda tangu saa tatu usiku. Hadi kama saa tano hivi mambo yalikuwa yanakwenda. Nilikuwa ninaweza kuurudia mstari ule mara sita mfululizo bila kosa. Hapo ndipo nilipopaswa kufunga kinanda. Badala yake niliendelea, na ilipofika saa saba kidole cha pete kilianza kuteleza, kikawa kinakanyaga B na C kwa pamoja, na sauti ilikuwa chafu. Nikasema nahitaji kuongeza mazoezi. Saa nane kosa lile likawa linatokea kila ninapoufikia mstari, na mimi, nikiwa nimenyooka mgongo kama askari kwa sababu ya kahawa, nikawa nalirudia na kulirudia, nikidhani ninalifuta. Nilikuwa nalifundisha. Kama kuna kitu kimoja ninachotaka mpiga kinanda mchanga akisikie ni hicho: mkono uliochoka hurudia kosa kwa uaminifu uleule unaorudia noti iliyo sahihi.

Tulipanda Coaster alfajiri, tukapita Uporoto kwenye ukungu, tukashukia Uyole, na mimi njia nzima nilikuwa napiga vidole juu ya goti. Wimbo ulipoanza mbele za watu, ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye kiitikio shahada iliruka juu ya gumba, ikakanyaga E kama ilivyotakiwa, halafu kidole cha mwisho hakikushuka. Sisemi kilikosea noti. Hakikushuka kabisa. Nilikitazama kikiwa hewani juu ya kinanda, na kwa muda wa vipimo viwili vizima kwaya iliimba bila besi, hadi mwalimu wa kwaya alipowainulia mkono watu wa sauti ya nne wakaubeba wimbo wenyewe. Nilimaliza kwa mkono wa kulia tu. Tulipotoka nje, mzee yule alinijia kwa upole akasema kwamba pengine sikukesha siku za kutosha.

Aliyenitoa kwenye njia ile ni binti yangu, ambaye anasomea uuguzi Mbeya. Alikuwa amekuja kutusikiliza, na swali lake la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa, “Mama, jana ulilala saa ngapi?” Sisi Wanyakyusa tunaamkiana kila asubuhi kwa “Ugonile?”, yaani umelala, na nilikuwa nimelijibu swali hilo maisha yangu yote bila kulifikiria. Siku ile nilimjibu kwamba sikulala. Akanisihi nisome naye jambo moja walilofundishwa darasani, na jioni ile, nyumbani kwa shemeji, tulikaa na simu yake hadi chaji ikaisha.

Jambo lenyewe lilifanana na mkono wangu kupita kiasi. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakiwemo Matthew Walker na Robert Stickgold, waliwachukua watu wanaotumia mkono wa kulia, wakawataka wabonyeze kwa vidole vya mkono wa kushoto mfuatano wa tarakimu tano, 4-1-3-2-4, haraka na bila kukosea, kwa vipindi vya sekunde 30 na mapumziko ya sekunde 30. Tarakimu tano, mkono wa kushoto! Waliojifunza asubuhi na kupimwa tena jioni, baada ya saa 12 za kuwa macho, hawakuongeza jambo la maana. Walipolala usiku na kupimwa asubuhi iliyofuata, kasi yao ilikuwa imepanda kwa karibu asilimia 20, bila makosa kuongezeka, na bila ya kugusa mazoezi tena katikati. Waliojifunza jioni wakalala walipata faida hiyohiyo asubuhi.

Kilichonichoma zaidi ni sehemu ya usiku inayofanya kazi hiyo. Usingizi hauko sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Unazunguka kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na usingizi mzito zaidi unakuwa mwanzoni mwa usiku. Watafiti wale waliona kwamba faida ya vidole iliendana na wingi wa usingizi wa hatua ya pili, ambao si mzito sana, hasa ule wa robo ya mwisho ya usiku. Katika hatua hiyo ubongo hutoa vipindi vifupi vya mawimbi ya umeme, mapigo kama 12 hadi 15 kwa sekunde, kila kipindi kikidumu nusu sekunde hadi sekunde mbili hivi, na wataalamu wanayahusisha mawimbi hayo na uimarishaji wa yale tuliyojifunza. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Nilikuwa ninaitupa robo ileile iliyokuwa inanisaidia, kisha ninakwenda kutafuta msaada wake kwenye beseni la maji ya moto.

Binti yangu, kwa kuwa amefundishwa asiwe mwepesi wa kuamini, aliniambia kwamba wapo watafiti waliokuja kuhoji kiasi cha faida ile, wakisema sehemu yake inatokana tu na mkono kupumzika, kwa sababu mtu anayepimwa mwishoni mwa mazoezi amechoka na anaonekana dhaifu kuliko alivyo. Hoja hiyo niliiona ya haki. Kwa hiyo nilipoanza upya mwezi wa Septemba nilijipima kwa njia ya kuizingatia.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Kila jioni baada ya mazoezi nilipumzika, nikaosha vyombo, kisha nikajipima: kwa nusu dakika, ni mara ngapi ninaweza kuupiga mstari ule safi? Asubuhi nikajipima tena kabla ya mazoezi yoyote. Jumamosi kadhaa niligeuza, nikafanya mazoezi asubuhi na kujipima jioni bila kulala katikati. Sidai kuwa nimefanya utafiti, lakini daftari lipo. Siku za kugeuza, jioni nilikuwa palepale nilipokuwa asubuhi, au nyuma kidogo. Siku za kulala, nilikuwa nalala na mara tisa, naamka na kumi au kumi na moja. Na palipobadilika zaidi ni palepale penye kona, kutoka shahada kwenda kidole cha mwisho. Asubuhi moja ya Oktoba kidole kile kilishuka chenyewe kabla sijakiwazia, na mimi nilishtuka nikaondoa mkono.

Kulikuwa na tatizo la umeme, ambao huku ukikatika jioni huwezi kujua utarudi lini, na tatizo la wajukuu wa jirani wanaolala mapema. Nililitatua kwa namna ambayo bado inanifurahisha. Nilikwenda kwa fundi seremala na kumwomba kipande cha ubao wa paini, urefu wa kama sentimita 60, akanirandia kwa elfu chache. Nilipima kinanda kwa rula: kutoka ukingo wa C hadi ukingo wa C inayofuata ni sentimita 16 na nusu hivi, na humo mna vibonyezo saba vyeupe. Nilichora vibonyezo vyote kwa kalamu nene, na vile vyeusi nikavikata kutoka kwenye soli ya kandambili kuukuu na kuvibandika kwa gundi, ili kidole kihisi kimo chake. Ubao huo hauna sauti isipokuwa mlio wa kidole kwenye mbao, tak-tak-tak-tak-tak, na hiyo ndiyo hazina yake, kwa sababu unausikia mwendo peke yake bila kudanganywa na utamu wa wimbo. Kidole cha pete kilipochelewa nilikisikia mara moja. Nilikuwa naupiga ubao dakika ishirini kwa mwanga wa taa ya sola, nikifika mara ya mwisho iliyo safi naacha, na naenda kulala moja kwa moja.

Kulala kwenyewe kulihitaji nidhamu kuliko mazoezi. Saa tatu na nusu usiku kitandani, saa kumi na moja na nusu kuamka, siku zote, hata Jumamosi. Mtu mzima anashauriwa kupata saa saba au zaidi, na mimi nilijipa nane kwa sababu nilikuwa na deni. Kahawa nikaiishia saa nne asubuhi, kwani kafeini huchukua kama saa tano mwilini kupungua kwa nusu tu, na ile ya jioni ilikuwa inalala na mimi. Tena sijifunzi besi mbili ngeni jioni moja. Walker na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba ukijifunza mfuatano wa pili mara tu baada ya wa kwanza, ule wa kwanza hupoteza sehemu ya faida yake ya usiku, lakini ukiacha saa kadhaa zipite katikati, yote miwili hunufaika. Kwa hiyo kama kuna wimbo wa haraka, mmoja naushika baada ya chakula cha mchana na mwingine usiku.

Wakati mwingine, nikiwa nimelala chali nasikia mvua, nawafikiria panya wa Matthew Wilson na Bruce McNaughton, watafiti ambao mwaka 1994 walionyesha kwamba seli za ubongo zilizokuwa zikiwaka pamoja panya anapopita mahali fulani, huwaka pamoja tena anapolala baadaye. Naona kama shahada yangu inaruka juu ya gumba huko gizani.

Krismasi tuliuimba wimbo ule kwenye ibada ya saa nne. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala saa tatu na nusu, wanakwaya wenzangu wakiwa bado wanafanya mazoezi, na mmoja wao aliniambia usoni kwamba sina uchungu na kazi ya Bwana. Kiitikio kilikuja mara nne, na besi ikaja nacho mara nne, do, sol, la, mi, fa, na katika mara ya tatu nilithubutu kuinua uso na kuwatazama watu wa sauti ya nne, ambao walikuwa wananitazama mimi.

Mzee yule alikuwepo. Alinishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akauliza nimekesha siku ngapi. Nilimwambia ukweli, naye akanyamaza kidogo, kisha akaomba nimtengenezee ubao kama wangu. Umeshakamilika, nimeuwekea soli mpya. Sasa nina wimbo wa Pasaka wenye bemoli tatu, yaani alama za kushusha noti nusu hatua, besi yake inashuka hatua kwa hatua kutoka E bemoli, na kidole cha nne kinakwama kwenye A bemoli. Ni usiku wa pili tu, na saa tatu na robo imeshafika.