Hebu fungua mdomo wageni waone

Mimi nimekulia upande wa Meru huku Arusha, meno ya kahawia kwetu ni kitu cha kawaida, ni madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji, yanatoka kwenye miamba ya volkano. Sasa projekti ya chuo ya kusafisha maji ya kijijini, grupu letu lilikuwa na Mrundi, Mjerumani na sisi Wabongo wawili, Mjerumani akaja na chujio safi kabisa la kuzuia bakteria, akalielezea vizuri, mama mwenye nyumba akasikiliza mpaka mwisho halafu akamwita mwanae, "hebu fungua mdomo wageni waone." Kimya. Chujio lile floraidi inapita tu, na ukichemsha ndo kabisaa, maji yanapungua floraidi inabaki.

Tukaanza upya na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, huo unanasa floraidi. Fundi wa kuchomelea pale senta akatuambia bomba letu litavuja, na kweli likavuja.

Ndo maana namkubali sana Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela Arusha. Kasomea PhD Korea Kusini, karudi, katengeneza chujio la mchanga na nanoteknolojia (teknolojia ya chembe ndogo mno) linalopangwa kulingana na maji ya sehemu husika, 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Vyuo vipeleke wanafunzi vijijini toka mwaka wa kwanza jamani, wachanganywe na wageni hukohuko, na yule fundi wa senta alipwe posho kama walimu wengine.