Mizani iko Muhoroni, dibaga iko Kisumu

Programu inayotoa tiketi za miwa kwenye mizani moja ya matrekta upande wa Muhoroni niliiandika mimi kwa lugha ya C. Inaendeshwa na kisanduku kidogo cha kompyuta chenye kichakataji cha ARM na mfumo wa Debian, na mimi kazi zangu nazifanyia Kisumu. Ilifika wakati programu hiyo ikawa inaanguka ovyo, na kila ikianguka simu yangu inalia: "Fundi, imelala tena, na matrekta yamepanga foleni hadi barabarani."

Yenyewe si kubwa. Kazi ya kuongea na kichwa cha mizani, kile chenye tarakimu nyekundu, inafanywa na kiendeshi tulichopewa na muuzaji wa mizani: faili moja ya .so, yaani maktaba ambayo programu nyingine huipakia, bila msimbo wake. Programu inasoma kwenye mipangilio ni mizani ya aina gani, kisha inakipakia kiendeshi kwa dlopen, mwito wa kupakia maktaba, ikiwa tayari inafanya kazi. Kwa hiyo ukiifungua programu ndani ya GDB, ile dibaga, yaani chombo cha kuisimamisha programu na kuichungulia ndani, kabla haijaanza, kiendeshi hakipo kabisa. Ukimwambia GDB asimame kwenye kitendakazi (kipande cha msimbo chenye jina) cha kusoma uzito, atakujibu kwamba hakijui, kisha atauliza kama akisubiri mpaka maktaba fulani itakapopakiwa. Mimi huandika `set breakpoint pending on` mapema ili asiniulize.

Anajuaje kwamba maktaba imepakiwa? Kwenye Linux, kipakiaji, yaani ld.so, huweka kumbukumbu ya mnyororo wa maktaba zote zilizomo ndani ya programu: kila moja imekaa anwani gani ya kumbukumbu na faili yake ni ipi. Mnyororo ukibadilika, kipakiaji hupitia mahali maalumu palipowekwa kwa ajili ya dibaga tu. GDB hutega hapo kimyakimya, husoma mnyororo, kisha huenda kutafuta faili za maktaba hizo ili apate majina ya vitendakazi. Hapo kwenye kutafuta faili ndipo nilipopotezea muda mwingi kuliko kwenye hitilafu yenyewe.

Kwenye kisanduku niliendesha gdbserver, mwenzake GDB anayekaa kwenye mashine inayochunguzwa, na kuishikisha programu iliyokuwa tayari inatembea, nami nikaunganisha GDB kutoka Kisumu kupitia handaki la SSH, yaani muunganisho wa siri kati ya kompyuta mbili. Tangu toleo la 7.10, la mwaka 2015, GDB akikosa maelekezo mengine huzivuta maktaba kutoka upande wa pili, faili kwa faili. Ukiwa na waya wa mtandao mezani ni raha. Kwa modemu ya laini ya simu, libc, maktaba ya msingi ya C, peke yake inatosha kukuchemshia chai. GDB mwenyewe anaonya kwamba njia hiyo ni ya polepole na kukushauri utumie `set sysroot`, yaani umwelekeze kwenye folda ya kompyuta yako yenye nakala ya maktaba zilezile.

Nakala nilikuwa nayo, ile picha ya diski niliyoitengenezea kisanduku mwanzoni. Nikamwelekeza huko. Muunganisho ukawa mwepesi, ila orodha ya miito, inayoonyesha kitendakazi kipi kimeita kipi, ikaja imejaa alama za kuuliza na majina ya ajabu, kana kwamba programu yangu inaita vitu ambavyo sijawahi kuviandika. Juu kabisa, mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi, palikuwa na onyo kwamba sehemu ya .dynamic ya libc haiko kwenye anwani iliyotarajiwa, na kwamba huenda maktaba si yenyewe au toleo limetofautiana. Onyo hilo lisomwe kabla ya kitu kingine chochote. GDB alikuwa na anwani sahihi kutoka Muhoroni, lakini majina aliyatoa kwenye faili ya Kisumu, na faili hizo mbili hazikuwa moja. Kisanduku kilikuwa kimejisasisha usiku, kama nilivyokiagiza, ili kipate marekebisho ya usalama.

Njia ya kuhakikisha ni fupi. Endesha `readelf -n` juu ya libc.so.6 pande zote mbili, ulinganishe ile namba ndefu ya build-id, kitambulisho cha faili. Zikitofautiana, hata herufi moja, usiamini jina lolote unaloonyeshwa. Nikasawazisha folda yangu na kisanduku kwa rsync usiku, bando likiwa rahisi, halafu nikaweka faili za taarifa za dibaga za libc kutoka pakiti ya libc6-dbg ya toleo lilelile. Asubuhi uzi mkuu wa programu (uzi ni mkondo mmoja wa kazi, na programu huweza kuwa na kadhaa kwa pamoja) ulisomeka vizuri, mstari kwa mstari.

Sasa hitilafu. Karani wa mizani alikuwa ameniambia kitu ambacho sikukipa uzito mpaka siku hiyo: programu haianguki stima ikipotea, huanguka stima ikirudi. Kisanduku kina betri, kichwa cha mizani hakina. Jioni moja, matrekta yakiwa yameisha, nilimpigia.

"Mzee, naomba uzime kichwa cha mizani, usubiri kidogo, kisha ukiwashe."

"Sawa fundi. Nikiharibu ni wewe."

Akawasha, na hapohapo GDB akasimama na SIGSEGV, ishara kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Uzi mkuu ulisomeka. Uzi wa pili ulionyesha anwani moja tu na alama mbili za kuuliza, na nilipojaribu kusoma kumbukumbu ya hapo GDB alisema haifikiki. Mara hii alama za kuuliza zilikuwa za kweli: kwenye `info sharedlibrary`, amri ya kuorodhesha maktaba zilizopakiwa, hapakuwa na maktaba yoyote iliyogusa anwani ile, na kiendeshi hakikuwamo kwenye orodha.

Tulirudia. Safari hii niliandika kwanza kiendeshi kimeanzia wapi na kuishia wapi, kisha nikaweka `set stop-on-solib-events 1`, ambayo humfanya GDB asimame kila maktaba inapoingia au kutoka. Kichwa kilipozimwa, GDB akaanza kuripoti: kiendeshi kimetoka, kimeingia, kimetoka tena. Na anwani ya ajali ilikuwa ndani ya mipaka niliyoiandika.

Hapo mambo yakajipanga. Programu ikikosa data kwa muda, huita dlclose, mwito wa kuifunga maktaba, na kukipakia kiendeshi upya, ikitumaini kitapona. Lakini kiendeshi, kikianza, hujitengenezea uzi wake wa kusoma bandari (port) ya mizani, na uzi huo hukwama ndani ya read, mwito unaosubiri data. Kufungwa kwa maktaba hakuuamshi. Stima inarudi, data inafika, read inamalizika, uzi unageuka kurudi nyumbani na kukuta nyumba imebomolewa. Bahati ikiwa nzuri, data inafika wakati kiendeshi kimeshapakiwa upya palepale, basi uzi unaendelea juu ya vigeu, yaani thamani za ndani za kiendeshi, vilivyoanza upya. Ndiyo maana siku nyingine programu haikuanguka bali ilitoa tiketi ya uzito sifuri, jambo lililowaudhi wakulima zaidi ya foleni.

Kiendeshi si changu, siwezi kukifundisha kuusubiri uzi wake. Kwa upande wangu niliongeza RTLD_NODELETE kwenye dlopen, ili maktaba ibaki kwenye kumbukumbu hata ikifungwa, na nikaondoa ule mtindo wa kupakia upya: data ikikatika, programu inangoja. Muuzaji nilimtumia maelezo pamoja na anwani zote. Alijibu kwamba kichwa cha mizani hakipaswi kuzimwa kazini. Nilimweleza kwamba stima ya Muhoroni haijapata taarifa hiyo.